Kiwavi wa mndimu: namna ya kumfuatilia toka yai mpaka anaruka kipepeo, hapo hapo uani kwako

Kama nyumbani una mndimu, mlimao au mchungwa, hata kama ni mche tu kwenye ndoo, nenda kautazame sasa hivi. Angalia juu ya majani, sio chini. Ukiona kitu kama kinyesi cha ndege, cheusi chenye baka jeupe katikati, kisogelee. Kama kina kichwa basi huyo ni kiwavi, na ukimwacha atakuwa yule kipepeo mkubwa mweusi mwenye madoa ya njano, yule anayekatiza uani mchana wa jua kali hatulii sehemu moja, kila mtu anamjua kwa sura ila wengi hawajui kwamba ndiye huyo huyo mdudu wanayempulizia dawa kila wiki.

Mimi nimekulia Muheza, kwetu machungwa ndio maisha, na toka mdogo nimefundishwa ukiona kiwavi kwenye mche mkanyage. Nimekuja kumfuatilia mmoja mpaka mwisho nikiwa mtu mzima na watoto wangu, na toka siku ile sijaua tena. Ndio maana naandika haya hatua kwa hatua, hela huhitaji, unahitaji mti, boksi, na subira ya kama mwezi na nusu.

Kwanza tujue ni nani. Wataalamu wanamwita Papilio demodocus, yuko karibu Afrika yote kusini mwa Sahara na Madagaska pia. Mabawa yakifunguka anafika sentimita 10 mpaka 12 hivi, kwa hiyo ni mkubwa kweli, na kwenye mabawa ya nyuma ana madoa kama macho yenye wekundu na bluu. Ndugu zake wengi wa ukoo huo wana vimkia nyuma ya mabawa, huyu hana. Walioko Oman na Ghuba, kwenye ndimu zenu huko mnaye mwenzake anaitwa Papilio demoleus, wanafanana kiasi kwamba hatua hizi zote utazitumia bila shida.

HATUA YA 1: TAFUTA MAYAI

Usihangaike na majani makubwa yaliyokomaa. Nenda kwenye vichipukizi, yale majani machanga laini yanayong'aa, maana mama anataga hapo ili mtoto akitoka akute chakula anachoweza kukitafuna. Ndio maana mvua zikishanyesha, iwe masika au vuli, mti ukichipua upya utawaona wanamiminika.

Njia rahisi ni kumvizia mama mwenyewe. Kipepeo anayetafuta maua anatua kwenye maua, lakini jike anayetaka kutaga anazunguka mti usio na hata ua moja, anagusa jani hili anaacha, anagusa lile anaacha. Pale anaonja, kipepeo ana uwezo wa kuonja kwa miguu, anapapasa jani ahakikishe kweli ni la jamii ya ndimu. Akiridhika anakunja tumbo mara moja, huku mabawa bado yanapigapiga, anabandika yai moja anaondoka. Moja tu. Ukikuta mayai mengi yamepangwa kwa fungu ujue hayo ni ya mdudu mwingine.

Yai lenyewe ni la mviringo kabisa, rangi ya njano iliyopauka, dogo kuliko punje ya ulezi. Likikaribia kuanguliwa linageuka rangi linakuwa na weusi weusi. Kwa joto la pwani siku 4 mpaka 6 hivi ameshatoka, na kitu cha kwanza anachokula sio jani, anakula ganda la yai lake mwenyewe. Usije ukalisafisha ukidhani ni uchafu.

Chukua mayai matatu au manne tu, kata na kitawi chake. Mengine yaache mtini, nayo yana kazi yake huko, nitaieleza mbele.

HATUA YA 2: TENGENEZA NYUMBA

Boksi la kawaida la katoni linatosha, lile la biskuti au la sabuni. Kata madirisha makubwa pande mbili, kisha gundisha kitambaa cha neti ili hewa ipite. Sasa hapa naomba msome taratibu: USITUMIE CHANDARUA CHA KULALIA. Vyandarua vingi tunavyogawiwa vimewekwa dawa ya kuua wadudu, na kiwavi ni mdudu, atakufa. Tumia pazia la neti lililochakaa au shela, kitambaa chochote chepesi ambacho unajua hakina dawa.

Hivyo hivyo kwa dawa ya mbu ya kuchoma na ya kupuliza. Viwavi wangu wa kwanza niliwaweka chumbani, usiku nikawasha dawa ya mbu kama kawaida yangu, asubuhi wote watano wako chini hawatikisiki, binti yangu alilia na mimi sikuwa na la kumwambia. Boksi likae sebuleni au barazani, kwenye kivuli, mahali pasipopulizwa kitu.

Chini tandika gazeti. Ndani weka chupa ndogo yenye maji, chomeka kitawi cha ndimu humo ili majani yasinyauke, halafu mdomo wa chupa uzibe vizuri na pamba au karatasi kuzunguka kitawi. Usipoziba, kiwavi atatembea ateremke na kitawi mpaka majini azame, hawajui kugeuza njia.

Na sisimizi! Sisimizi wakishajua kuna kiwavi mchanga wanambeba mzima mzima. Ukiweka boksi juu ya meza, kila mguu wa meza uutumbukize kwenye kopo lenye maji kidogo. Ni mbinu ya bibi zetu ya kulinda sukari na inafanya kazi ile ile.

HATUA YA 3: MLISHE

Kiwavi huyu ni mchaguzi. Kamzoea mndimu, mlimao, mchungwa, mchenza, na miti ya porini ya ukoo huo huo. Ukimpa mchicha au jani la mwembe atakaa nalo mpaka afe njaa. Akiwa mchanga mpe majani laini, akishakua anatafuna hata magumu.

Kabla hujachuma kwa jirani muulize kama amepulizia dawa karibuni, maana kuna dawa zinaingia mpaka ndani ya jani, hata uoshe vipi haitoki. Ya mti usiopuliziwa suuza tu vumbi, kung'uta maji mpaka yakauke ndio umpe.

Kubadilisha majani kila siku ni lazima, na pia kung'uta kinyesi kwenye gazeti, unyevu na uchafu vikikaa pamoja viwavi wanaugua wanakuwa weusi na kulegea kama tambi iliyolowa. Akitokea hivyo mtoe haraka, safisha boksi lote kwa sabuni.

Kitu kimoja ambacho watu wengi wanakosea: wakati wa kubadilisha majani wanambandua kiwavi kwa vidole. Hapana. Anakuwa amejishikiza na uzi mwembamba wa hariri alioutandaza juu ya jani, ukimvuta unamuumiza. Kata kipande cha jani alilokalia, kiweke juu ya jani jipya, njaa ikimuuma atahamia mwenyewe. Na kuna siku utamkuta kagoma kula, kaduwaa tu saa nyingi hata siku nzima. Usimguse kabisa, hajaugua, anajiandaa kujivua ngozi.

HATUA YA 4: TAZAMA ANAVYOBADILIKA (hapa ndipo utamu)

Anajivua ngozi mara nne akiwa kiwavi, kwa hiyo ana vipindi vitano. Vile vinne vya mwanzo anabaki na sura ya kinyesi cha ndege, mweusi mweusi na hudhurungi, baka jeupe katikati, anang'aa kama kitu kibichi. Ndege akipita anaona kinyesi chake mwenyewe anaendelea na safari. Ndio maana anakaa juu ya jani hadharani bila kujificha, kule kujiacha wazi ndio kujificha kwenyewe.

Halafu siku moja anajivua ngozi ya nne na unaamka unamkuta mwingine kabisa. Kijani! Kijani ya jani, na mikanda ya hudhurungi imempita ubavuni kama kivuli cha matawi. Mara ya kwanza nilidhani kuna mtu kabadilisha, nikamuuliza kijana wangu umemtoa wapi huyu. Ni kwamba sasa amekuwa mkubwa mno, kinyesi cha ndege cha sentimita 4 hakipo, kwa hiyo janja ile haifai tena inabidi awe jani. Karibu na kichwa ana alama kama vijicho, lakini kichwa chenyewe cha kweli ni kile kidogo alichokiinamisha chini.

Sasa chukua kijiti laini mguse kidogo mgongoni karibu na kichwa. Mara moja tu, usimsumbue. Atainua kichwa na pale nyuma ya shingo zitachomoza pembe mbili laini zilizounganika chini, rangi ya chungwa, kama ulimi wa nyoka, na hapo hapo utasikia harufu kali ya kukera, mimi naifananisha na maganda ya machungwa yaliyochachia kwenye ndoo ya taka. Hizo pembe haziumi wala hazina sumu kwa mtoto, ni harufu tu ya kumfukuza sisimizi na buibui. Baada ya sekunde kadhaa anazirudisha ndani zinapotea kabisa kama hazikuwepo.

Kipindi hiki cha tano ndio anakula kuliko vyote vilivyotangulia ukijumlisha. Anaanzia pembeni mwa jani, kichwa kinapanda kinashuka, kinapanda kinashuka, kila akishuka kaondoa ukanda mwembamba kama mtu anayekata kitambaa na mkasi. Usiku nyumba ikitulia ukiweka sikio karibu na boksi utasikia vinyesi vinadondoka kwenye gazeti, tap, tap. Hakikisha majani hayamuishii hapa, akilala njaa siku hizi za mwisho atatoka kipepeo mdogo dhaifu.

Toka alipoanguliwa mpaka hapa zimepita kama wiki tatu mpaka nne. Wa Tanga na Dar kwenye joto wanawahi, ukiwa Lushoto au Njombe tegemea zaidi.

HATUA YA 5: ANAPOACHA KULA

Dalili ya kwanza ni kinyesi. Toka mwanzo kilikuwa kikavu, punje punje, ghafla anatoa kikubwa cha majimaji. Usiogope sio kuhara, anasafisha tumbo. Halafu anaanza kutembea, anazunguka boksi zima, anapanda anashuka, utadhani kapoteza kitu. Muwekee vijiti vikavu vilivyosimama, vya unene wa penseli, kwa sababu anatafuta pa kujining'iniza.

Akipapata anasokota kishikizo cha hariri anashika kwa mkia, kichwa juu. Kisha anafanya kitu ambacho mimi kila nikikiona namshukuru Mungu: anasokota uzi, anaupitisha upande huu mpaka upande ule mara nyingi mpaka unakuwa kamba, halafu anaingiza mwili ndani ya ile kamba, anaegemea nyuma. Umeshamwona fundi wa umeme juu ya nguzo alivyojifunga mkanda kiunoni akaegemea? Ndio hivyo hivyo, na hakuna aliyemfundisha.

Anakaa hivyo kama siku moja, kajikunja, halafu ngozi inapasuka kwa mara ya mwisho na ndani yake anatoka pupa, yaani mdudu aliyetulia ndani ya ganda huku akigeuka kuwa kipepeo. Rangi ya pupa inategemea pale alipo, kwenye kijani na ulaini anaweza kuwa kijani, kwenye kijiti kikavu mara nyingi anakuwa wa hudhurungi kama kipande cha gome. Ukipata wawili wajaribu, mmoja muwekee kitawi kibichi mwingine kikavu, watoto watafurahi sana.

Kwa wiki mbili mpaka tatu hali, hanywi, hatembei, ukimgusa anatikisa tumbo kidogo basi. Ni kwa ajili ya utulivu huu ndio pupa anaweza kusafirishwa. Kule kwetu Amani, milima ya Usambara Mashariki, wanavijiji walikuwa wanafuga vipepeo wa msituni na kuuza pupa nje kwenda kwenye nyumba za maonyesho za Ulaya na Marekani, mpaka mwaka 2016 serikali iliposimamisha kusafirisha wanyama hai. Kenya nako, pale Gede pembeni ya msitu wa Arabuko-Sokoke, mradi wa Kipepeo ulianza 1993 kwa wazo hilo hilo, mwanakijiji apate hela kwa msitu uliosimama badala ya kuukata. Mdudu amesomesha watoto wa watu, sio utani.

Wewe kazi yako ni ndogo: boksi lisipigwe jua kali, na kama ni kiangazi nyunyiza matone ya maji kwa mbali kila baada ya siku mbili tatu. Usimbandue. Usiwe na pupa na pupa.

HATUA YA 6: SIKU YA KUTOKA

Siku moja kabla, pupa anakuwa mweusi na ukimulika na tochi ya simu unaona madoa ya njano ya mabawa kupitia ganda. Mara nyingi anatoka asubuhi, kwa hiyo amka mapema. Ganda linapasuka karibu na kichwa, anajivuta nje kwa dakika chache tu, na utasikitika maana mabawa yamekunjamana kama leso iliyolowa, tumbo limevimba. Anapanda juu haraka, ananing'inia mabawa yakiwa chini, kisha anaanza kuyajaza majimaji kutoka tumboni mpaka yananyooka. Pia utaona anakunja na kukunjua mrija wa mdomoni tena na tena, ule mrija unatoka ukiwa nusu mbili na anaziunganisha ziwe kitu kimoja, kama unavyofunga zipu. Atadondosha matone ya majimaji, ni taka za mwili tu.

Hapa ndipo kosa langu kubwa lilipotokea na sitaki litokee kwako. Pupa wangu mmoja nilimweka kwenye chupa ya kahawa, nikidhani ni usalama. Alipotoka hakuwa na pa kupanda, vioo vinateleza, kila akipanda anadondoka, mwisho mabawa yakakaukia yakiwa yamejikunja. Yakishakauka hivyo hayanyooki tena maisha yake yote. Nilimlisha maji ya sukari kwa siku nane mpaka akafa. Kwa hiyo acha nafasi chini na pembeni ya pupa ya kutosha bawa zima, na karibu yake kuwe na kijiti au kitambaa cha kukamata. Akidondoka mwinue kwa kumpa kidole apande mwenyewe.

Baada ya saa mbili tatu mabawa yamekaza. Mpeleke nje kukiwa na jua, mweke juu ya ua, atatetemesha mabawa kidogo halafu huyoo. Kama mvua inanyesha anaweza kusubiri mpaka kesho, ukiona vipi koroga kijiko kimoja cha sukari kwa kumi vya maji, lowesha pamba, mwekee miguu juu yake. Akishaonja kwa miguu mrija unafunguka wenyewe.

Ukikuta aliyetoka ni mweusi mwenye mkanda wa bluu inayong'aa, usidhani umekosea, kuna ndugu yake Papilio nireus naye hula majani ya ndimu.

IKITOKEA PUPA HATOKI

Mwangalie kama ana kitobo kidogo cha mviringo. Hapo kuna nyigu wadogo sana walitaga mayai kwake mapema na watoto wao wamemla kwa ndani. Inauma, lakini ndio kazi niliyosema pale juu: mayai na viwavi tunaowaacha mtini wanalisha nyigu, buibui, vunjajungu, kinyonga na ndege. Kati ya mayai yote ya mama mmoja wanaofika kuwa vipepeo ni wachache sana. Wangefika wote, tungekuwa hatuna jani la ndimu mtaa mzima.

Na hilo linajibu swali ambalo kila mkulima ananiuliza: je mti wangu hautakufa? Mti mkubwa hapana, viwavi kumi kwenye mchungwa uliokomaa hata huoni tofauti. Mche mdogo ndio tatizo, huo kiwavi mmoja au wawili wanaweza kuunyoa kabisa, na mwenye kitalu namuelewa akikasirika. Lakini suluhisho ni mkono wako. Pita asubuhi, kata jani lenye kiwavi, mpeleke kwenye mti mkubwa. Kama huna mti mkubwa panda mbegu za ndimu za jikoni kwenye ndoo ya lita 20 iliyotobolewa chini, uweke kona ya uani uwe mti wao. Matunda yatachukua miaka ila majani hayachelewi. Nimefanya hivyo miaka minne, miche yangu ya biashara siipulizii dawa ya viwavi tena.

Pembeni ya ndoo hiyo panda zinia au pentasi, chochote cha maua mengi, na usizibe pale bomba linapodondoka maji, madume wanapenda kutua kwenye udongo mbichi kunyonya chumvichumvi. Kipepeo mkubwa anaishi wiki chache tu, ila akikuta maua, maji na mndimu mahali pamoja hana sababu ya kwenda mbali. Andika tarehe uliyomwachia. Wiki inayofuata ukimwona jike anapapasa vichipukizi vya ile ndoo, mwache amalize aondoke, ndio uende ukainamishe tawi utazame juu ya majani.